Uzi: Sinapsi za umeme si njia ya mkato tu. Ndizo zinazofanya seli za neva ziende pamoja

#1 SindanoYaKioo

Wakuu, salaam.

Kila ninapokutana na maelezo ya sinapsi za umeme (sinapsi ni mahali seli moja ya neva inapopitisha habari kwa nyingine) huwa ni mistari mitatu: zipo, zina kasi, zinamsaidia samaki kumkimbia adui. Baada ya hapo mwandishi anahamia kwenye sinapsi za kemikali, zile ambazo seli moja humwagia nyingine kemikali, na harudi tena. Nimefanya kazi ya kupima seli za neva kwa elektrodi kwa miaka kadhaa, na maelezo ya namna hiyo yananiuma kwa sababu yanaliruka jambo lenyewe. Kasi ni kweli. Ila ndani ya ubongo wa mamalia kazi kubwa ya viungo hivi si kupasha habari haraka. Ni kuifanya kila seli ihisi hali ya jirani yake kabla yeyote kati yao hajafyatua msukumo, yaani ule mruko mfupi wa volteji ambao ndio ishara ya neva.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu, maana ndicho kilichonigeuza.

Unachukua kipande cha gamba la ubongo wa panya, unene wake kama theluthi ya milimita, kimelowa kwenye maji ya chumvi yenye sukari na oksijeni. Chini ya hadubini unatafuta seli mbili za kutuliza (zile zinazonyamazisha seli nyingine) zilizo karibu, zile aina inayofyatua haraka haraka. Unaigusa kila moja kwa sindano ya kioo yenye ncha ya kama mikromita moja au mbili. Unavuta hewa kidogo kwa mdomo kupitia mpira hadi utando unanata kwenye kioo, unavuta tena, utando unapasuka hapo kwenye ncha, na sasa unasoma volteji ya ndani. Kwenye skrini kuna mistari miwili iliyotulia, yote karibu na milivolti -65.

Nikaitia seli ya kushoto mkondo hasi. Ikashuka milivolti 20. Mstari wa kulia, ambao sikuugusa, nao ukashuka: milivolti moja, ukabaki chini kwa muda ule ule, na nilipozima mkondo ukapanda pamoja na mwenzake. Nikabadilisha, nikatia mkondo kulia. Kushoto kukashuka.

Kemikali haifanyi hivyo. Seli ya neva iliyoshushwa chini hunyamaza, haimwagi kitu. Kitu pekee kinachoweza kupitisha ule ushukaji, tena pande zote mbili, ni mlango uliofunguka moja kwa moja kati ya seli na seli. Niliongeza dawa za kuzuia vipokezi vya kemikali kwenye maji, na ile milivolti moja haikwenda popote.

Sasa mlango wenyewe. Kwenye sinapsi ya kemikali, utando wa seli hii na wa ile umeachana kwa nanomita 20 hadi 40. Kwenye sinapsi ya umeme umekaribiana hadi nanomita 3 na nusu hivi. Kila upande protini sita zinazoitwa koneksini zimejipanga duara na kuacha tundu katikati. Duara la upande huu linashikana na duara la upande ule, ncha kwa ncha, na unapata mrija mmoja unaotoka ndani ya seli moja hadi ndani ya nyingine bila kumwagika nje. Ioni zinapita. Molekuli ndogo zinapita pia, ndiyo maana ukijaza seli moja rangi yenye molekuli ndogo za kutosha, baada ya muda unawakuta majirani zake nao wametiwa rangi. Mirija hii hukaa mingi mahali pamoja, kama sega.

Kwa mamalia koneksini inayotumika zaidi kati ya seli za neva ni koneksini 36, iliyotambuliwa mwaka 1998. Mwaka uliofuata makundi mawili ya watafiti, la Galarreta na Hestrin na la Gibson, Beierlein na Connors, yalionyesha kwamba seli za kutuliza za gamba la ubongo zimeunganishwa hivi kwa wingi, na kwamba zinachagua: aina moja huungana na aina yake, mara chache sana na aina nyingine. Kabla ya hapo wengi walidhani sinapsi za umeme ni mambo ya kamba na samaki.

Nipumzike hapo kwanza. Nitaendelea na kwa nini milivolti moja ni jambo kubwa, lakini kama kuna maswali yaje.

#2 MsomajiWaUsiku

Mkuu asante, nimekaa mkao wa kusoma. Swali langu ni la mtu wa kawaida: kama mrija upo tayari na umeme unapita bila kusubiri, kwa nini mwili haukutumia njia hii kila mahali? Kwa nini uhangaike na kemikali?

#3 SindanoYaKioo

Swali zuri, na lina majibu zaidi ya moja.

Kwanza kuhusu kusubiri. Kwenye sinapsi ya kemikali, msukumo ukifika mwisho wa waya (mkono mrefu wa seli ya neva) lazima milango ya kalsiamu ifunguke, vifuko vipasuke, kemikali ivuke mwanya, vipokezi viitikie. Hayo mara nyingi huchukua nusu milisekunde hadi milisekunde moja, wakati mwingine zaidi. Umeme unapita kwenye mrija ndani ya sehemu ya kumi ya milisekunde hivi.

Lakini mrija hauwezi kugeuza maana. Kemikali inaweza kuchukua msukumo uliopanda juu na kuugeuza kuwa amri ya "nyamaza" kwa seli inayofuata. Mrija unapitisha kilichopo: kikipanda, kinapanda, kikishuka, kinashuka. Pia mrija haukuzi sauti. Waya mwembamba wa neva ukikutana na seli nene ya msuli, mkondo wake ni mdogo mno kuiinua ile seli kubwa. Kemikali inaweza, kwa sababu inachofanya ni kufungua milango ya seli kubwa yenyewe, nayo inatumia nguvu yake.

Na tatu, ukiunganisha kila seli na kila seli kwa mirija, kila mmoja atakuwa na hali ya wote. Hakutakuwa na jambo la kuambiana.

#4 FundiRedio

Ndugu SindanoYaKioo, mimi si mtu wa biolojia, ni mtu wa saketi. Ninavyokusoma, kila seli ni rizista na kapasita sambamba, na huo mrija ni rizista nyingine kati yao. Kama ni hivyo, basi kiungo hiki kitapitisha vizuri mabadiliko ya polepole na kitayaua yale ya haraka. Msukumo wa neva ni wa haraka sana. Si utafika upande wa pili ukiwa umekufa?

Halafu, umesema pande zote mbili. Hakuna kabisa inayopitisha upande mmoja, kama dayodi?

#5 SindanoYaKioo

Kaka FundiRedio umegonga penyewe, na ndipo nilipotaka kufika.

Chukua matangi mawili ya maji yaliyounganishwa chini kwa bomba jembamba. Ukimwaga maji mengi kwenye tangi la kwanza na kuyachota papo hapo, tangi la pili halitajua kama kuna kilichotokea. Lakini ukipandisha kina cha tangi la kwanza taratibu na kukiacha hapo, la pili litapanda pia. Utando wa seli unahifadhi chaji kama tangi linavyohifadhi maji.

Kwa hiyo turudi kwenye skrini yangu. Ile seli ya kushoto ilipofyatua msukumo kamili, volteji yake iliruka karibu milivolti 90 na kurudi chini ya milisekunde moja. Kulia nikaona kinundu kidogo cha nusu milivolti. Nusu! Yaani mkondo wa polepole ulipita kwa asilimia 5, msukumo ukapita kwa nusu asilimia na kidogo. Ukiangalia kwa haraka unasema kiungo hiki hakina maana.

Lakini tazama kinachofuata. Seli hizi zikishafyatua huwa hazirudi tu pale zilipokuwa. Zinatumbukia chini ya hapo, bonde la milivolti 15 au 20, na kukaa humo kwa milisekunde kadhaa. Bonde ni la polepole. Bonde linapita. Kwa hiyo anachokipokea jirani ni kinundu kifupi cha juu, kisha mvuto mrefu zaidi wa chini. Kama jirani alikuwa tayari ameukaribia mstari wa kufyatua, kinundu kinamsukuma avuke sasa hivi, karibu sawia na mwenzake. Kama alikuwa bado mbali, bonde linamvuta chini, linamchelewesha, na wote wawili wanaanza kupanda upya kutoka chini pamoja. Baada ya mizunguko michache wanapiga mpigo mmoja.

Wakati wa kupanda, kabla ya mstari wa kufyatua, wanaendelea kugawana. Aliye juu anamvuta aliye chini, aliye chini anamshusha aliye juu. Hakuna msukumo hata mmoja uliofyatuliwa, na tayari wanapatana. Hili ndilo nilimaanisha niliposema kila seli inahisi hali ya jirani. Sinapsi ya kemikali ya kawaida kwenye ubongo husubiri jirani afyatue ndipo ijue lolote.

Kuhusu dayodi: ipo, na historia ilianzia hapo hapo. Furshpan na Potter, wakiwa chuo kikuu London, walipima sinapsi ya kamba wa maji baridi mwenye magando, kati ya waya mnene wa neva kuu ya mwili wake na neva inayoendesha mkia. Waliandika kwa kifupi mwaka 1957 na kwa kirefu mwaka 1959. Mkondo ulivuka kutoka kwenye waya mnene kwenda kwenye neva, haukukubali kurudi. Kamba akiguswa, mkia unakunjwa kwa mpigo mmoja naye anarushwa nyuma. Kwa hiyo ajabu yake ni kwamba mfano wa kwanza uliochunguzwa kwa kina ulikuwa wa upande mmoja, wakati wengi waliokuja kugunduliwa baadaye ni wa pande mbili. Watanabe, Japani, mwaka 1958 alikuta aina hiyo ya pande mbili kwenye kifundo cha neva kinachoendesha moyo wa kambakoche: seli chache tu, zimeunganishwa, zinapiga kwa pamoja na moyo unapiga.

#6 MwalimuWaBiolojia

Naomba niongeze kidogo upande wa historia, maana wanafunzi wangu huwa wanachanganya.

Mwaka 1906 Golgi na Cajal waligawana tuzo ya Nobel huku wakipingana waziwazi. Golgi alishikilia kwamba mfumo wa neva ni wavu mmoja ulioungana. Cajal alisema ni seli moja moja zinazogusana. Cajal akashinda. Kisha ukaja ubishi wa pili: seli zinaambianaje, kwa umeme au kwa kemikali? Otto Loewi alionyesha mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura kwamba maji yaliyotoka kwenye moyo mmoja uliopunguzwa kasi yaliweza kuupunguza moyo mwingine kasi. John Eccles alitetea umeme kwa miaka mingi, hadi mwaka 1951 elektrodi zake mwenyewe ndani ya seli za uti wa mgongo zikamwonyesha kinyume, akakubali hadharani. Namheshimu sana kwa hilo. Na miaka sita tu baada ya yeye kukubali, ndipo akina Furshpan na Potter wakaja na kamba wao.

Kwa hiyo mtu asiseme sinapsi za umeme zilimrudisha Golgi. Utando wa kila seli bado upo mzima. Kuna milango tu.

#7 SindanoYaKioo

Ahsante mwalimu. Na kuna jambo linalonishangaza hadi leo kwenye hiyo milango: kamba, wadudu na minyoo hawatumii koneksini. Wanatumia protini ya ukoo mwingine kabisa inayoitwa ineksini. Ukizipanga herufi za protini hizi mbili hazifanani, ila zote zinajipanga duara na kuacha tundu, zote zinashikana na mwenzake wa upande wa pili. Uhai umefika mahali pamoja kwa njia mbili.

#8 MuuguziZ

Samahanini kwa kuingilia. Nimefanya kazi wodini na wagonjwa wa kifafa. Kwa maelezo haya, seli kupiga pamoja ndiyo degedege lenyewe. Je, viungo hivi ndivyo vinavyoleta kifafa? Na kama ndiyo, mbona hakuna dawa ya kuvifunga?

#9 SindanoYaKioo

Dada MuuguziZ karibu sana, hujaingilia.

Kupiga pamoja si ugonjwa kwa yenyewe. Kinachotisha ni seli nyingi mno, za aina ya kuchochea, zikipiga pamoja bila breki. Sinapsi za umeme za gamba la ubongo ziko zaidi kati ya seli za kutuliza. Yaani kinachounganishwa zaidi ni breki. Breki zikishikwa pamoja, seli za kuchochea zinanyamazishwa pamoja na kuachiwa pamoja, na hapo unapata midundo ya ubongo ya mara 30 hadi 80 kwa sekunde. Panya wasio na koneksini 36 wakipimwa, midundo hiyo kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, inadhoofika, ila haipotei.

Kwenye vipande vya ubongo vilivyochochewa maabara, dawa kama kabenoksoloni, inayofunga mirija hii, hupunguza mipigo inayofanana na ya kifafa. Lakini dawa hiyo inagusa mambo mengine mengi ndani ya seli, hivyo haikuambii ni nani hasa aliyehusika. Ukifunga mirija ya moyo nao, ambao hutegemea koneksini 43 kupitisha umeme kati ya seli za msuli, umemwua mgonjwa. Hiyo ndiyo shida ya kutengeneza dawa hapa.

Kuna moja utakayoijua: meflokwini, dawa ya malaria. Mwaka 2004 Cruikshank na wenzake walionyesha kwamba inafunga koneksini 36 kwa kiwango kidogo sana cha dawa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo lake kali kuliko yote kwa sababu ya kizunguzungu na matatizo ya akili kwa baadhi ya watumiaji. Watu wengi huunganisha mambo hayo mawili wakaona wamemaliza. Mimi nakataa kuyaunganisha hivyo, kwa sababu meflokwini inagusa milango mingine pia. Na yeyote aliyeandikiwa dawa yoyote asiiache kwa sababu ya uzi huu, azungumze na daktari wake.

#10 Serebela

Mkuu, nimefuatilia kimya lakini hapa lazima niseme. Unazungumza kana kwamba kuunganishwa ni sawa na kupiga pamoja. Mwaka 2010 Vervaeke, Silver na wenzao walipima seli za Golgi, aina ya seli za kutuliza za serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo), ambazo zimeunganishwa sana. Walipozichochea chache tu kati yake kwa ghafla, zile zilizokuwa zinakwenda pamoja zikatawanyika. Kiungo kile kile. Utasemaje?

#11 SindanoYaKioo

Nitasema uko sahihi, na kwamba nilitakiwa kulitaja mapema.

Angalia sababu yake, maana ni lile lile bonde. Seli za Golgi zinapofyatua, kinachopita kwa majirani kwa wingi ni bonde, si kinundu. Ukizichochea seli chache zifyatue ghafla, majirani wao wanapokea mvuto wa chini, lakini si wote kwa kiasi kimoja: aliye na mirija mingi anavutwa sana, aliye na michache anavutwa kidogo, aliyekuwa karibu kufyatua anacheleweshwa kwa namna yake. Mpangilio unavunjika. Baadaye, uchochezi ukiisha, zinarudi kukusanyika tena kwa mirija ile ile.

Kwa hiyo kauli yangu naisahihisha hivi: sinapsi ya umeme inazifanya seli zitegemeane. Zikipata kitu kimoja kwa wote, utegemezi huo unazikusanya. Zikipata kwa wachache, unaweza kuzitawanya.

Na hapa kuna upande ambao kwangu ni mzuri kuliko wote. Seli iliyounganishwa na majirani waliolala ni seli inayovuja. Mkondo wowote unaoupata unakimbilia kwa jirani kupitia mrija, volteji yake haipandi vizuri. Lakini majirani wakichochewa nao kwa wakati ule ule, volteji ni sawa pande zote mbili za mrija. Volteji zikilingana hakuna mkondo unaopita, hakuna kinachovuja, na wote wanapanda kwa nguvu zao zote. Maana yake kundi zima linaitikia vizuri kile kinachowafikia wote pamoja, na linakipuuza kinachomfikia mmoja peke yake. Hakuna seli iliyofundishwa kuhesabu. Ni mirija tu.

#12 MsomajiWaUsiku

Hili la kuvuja limenifungua macho. Kwa hiyo kelele za seli moja zinazimwa na wenzake?

#13 SindanoYaKioo

Hasa. Na mahali pa kuliona hilo ni ndani ya jicho lako.

Usiku wa mwanga hafifu sana, chembe za mwanga zinazofika kwenye retina ni chache mno, seli moja ya kupokea mwanga hafifu inapata moja, maelfu ya wenzake hawapati kitu. Kila seli ina kelele zake pia. Ishara zao zinashuka hadi kwenye seli ndogo ziitwazo amakrini AII, ambazo zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa koneksini 36, na pia zimeunganishwa na seli za njia ya mchana. Kelele, kwa kuwa kila seli ina yake, zinasawazishwa zikipita kwa majirani. Ishara inayofika kwa wengi pamoja inabaki. Panya wasio na koneksini 36 wanapoteza ishara za njia hii.

Na muunganiko wenyewe haukai kiasi kimoja. Gizani kabisa ni mdogo, mwanga hafifu unaupanua hadi seli moja inaungana na kundi pana, na mwanga mkali unaupunguza tena ili picha iwe kali. Dopamini, kemikali ambayo retina huitoa zaidi wakati wa mwanga, ni miongoni mwa vinavyopunguza. Fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, inabandikwa au kubanduliwa kwenye koneksini, na mrija unafunguka zaidi au unafunga. Watu hudhani sinapsi ya kemikali peke yake ndiyo inayojifunza. Mwaka 2011 Haas na wenzake walionyesha kwamba seli mbili zilizounganishwa kwa umeme kwenye thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo, zikifyatua pamoja kwa mtindo fulani, muunganiko wao unapungua na kubaki umepungua.

#14 Serebela

Kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta ubishi, niongeze ushahidi wa upande wako. Oliva ya chini, kiini kilicho kwenye shina la ubongo, ndicho kinachotuma nyuzi zinazopanda hadi kwenye seli za Purkinje za serebela. Llinás, Baker na Sotelo walieleza muunganiko wa umeme hapo mwaka 1974. Seli zake zinayumba juu na chini zenyewe mara kadhaa kwa sekunde, chini ya mstari wa kufyatua. Mwaka 2002 Long na wenzake walipima panya wasio na koneksini 36. Kuyumba kulikuwepo, kila seli na mdundo wake. Kilichopotea ni kwenda pamoja. Na kazi ya mwaka 2008 ikaonyesha panya hao wanatembea, lakini wanashindwa kujifunza kupangilia wakati wa hatua zao vizuri kama wenzao.

#15 SindanoYaKioo

Barabara kabisa. Na ukitaka kuona kwenda pamoja kulikofikishwa ukomo wake, tazama samaki wa umeme wa mito ya Amerika ya Kusini aitwaye Apteronotus. Kiini kidogo kwenye shina la ubongo wake, seli zilizounganishwa kwa umeme, hutoa mpigo mamia ya mara kwa sekunde, hadi karibu 1000, usiku na mchana bila kusimama. Urefu wa muda kati ya mpigo na mpigo unaweza kubadilika kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde tu. Hakuna seli moja ya neva inayoweza kuwa sahihi kiasi hicho peke yake. Wanasawazishana.

#16 FundiRedio

Nimerudi. Jana niliweka saketi mezani, nikaona niwaletee namba.

Kila "seli" ni rizista ya kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1 sambamba, hivyo muda wake ni milisekunde 10. Mrija nimeuwekea kilo-omu 190: rizista ya 180 na ya 10 mfululizo. Upande wa A nikaushikilia kwa jenereta ya mawimbi, nikasoma B kwenye osiloskopu.

A nikiiweka volti 1 na kuiacha: B inakaa milivolti 50. Asilimia 5, kama kwako.
Pigo la volti 1 kwa milisekunde moja: B inapanda milivolti 5 tu, kisha inateremka taratibu. Nusu asilimia.
Pigo la volti 1 kwa milisekunde 10: B inafika karibu 32.

Kwa hiyo kinundu na bonde vyote viko kwenye meza yangu, bila seli hata moja. Nilikaa nikitazama ule mstari wa B muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Swali langu la mwisho: huko kuvuja ulikosema kwa Serebela, kwenye saketi yangu hakuonekani. Nikiipa A mkondo badala ya kuishikilia, tofauti kati ya kuichochea peke yake na kuzichochea zote mbili ni asilimia 5 tu. Mbona ndogo?

#17 SindanoYaKioo

Kaka, umenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Ni ndogo kwa sababu A ina jirani mmoja. Seli ya kutuliza ya gamba la ubongo inaweza kuwa na makumi. Weka majirani 20, kila mmoja na mrija wake wa kilo-omu 190 na rizista yake ya 10. Njia ya kuvujia kwa kila jirani ni kilo-omu 200, na njia 20 sambamba ni kilo-omu 10, sawa na rizista ya A yenyewe. Ukiichochea A peke yake itafika nusu ya volteji. Ukizichochea zote 21 kwa mkondo ule ule, itafika yote.

Huhitaji kujenga zote 20. Weka rizista moja ya kilo-omu 10 kutoka A hadi ardhini kuwakilisha majirani waliolala, pima, kisha iondoe. Kuiondoa ni sawa na majirani kuamka pamoja nayo.

#18 FundiRedio

Nimeweka. Nusu. Nimeondoa, ikapanda yote. Sasa naagiza kapasita 20, nataka kuwaona wakiamka mmoja mmoja.